Kitabu Juu ya Mizani

Kaka yangu Hilari alikufa akiniachia
baiskeli isiyo na mnyororo, deni la salfa mifuko miwili,
na kitabu hiki:
sera, uchumi na afya ya demokrasia,
kurasa mia sita na kumi na mbili,
jalada gumu la kijani, pembeni limeonjwa na mchwa wa Newala.
Kama demokrasia nayo huugua, nilimwuliza siku moja,
mbona hatujaiona kwenye foleni ya zahanati?
Alicheka hadi akakohoa.

Mwezi wa kumi nikakipeleka posta
nimtumie binti yake, Emerensiana, anayesoma Dodoma.
Kijana wa dirishani akakilaza kwenye mizani yake ndogo ya shaba:
"Kilo moja na robo, mama."
Akataja gharama. Nikakirudisha kapuni.
Kwa bei ile kitabu kingekaa kiti cha mbele cha basi
na soda juu.

Njia ya nyumbani inapita ghalani.
Nikaketi juu ya magunia yangu manne, nikingoja zamu,
mabibo yakinuka hadi nzi wamelewa.
Karani Mkwachu alikuwa amekwenda kunywa chai.
Mizani ya chama ilimulika peke yake,
sifuri nyekundu, sifuri, sifuri,
kama mtu anayeapa hajala.
Sijui kilichonituma. Nikakiweka kitabu.

Kilo moja na gramu mia.

Nikakitoa. Nikakipangusa. Nikakirudisha.
Moja na mia.
Nikakifungua nione kama kuna sura iliyodondoka njiani.
Zote zilikuwemo, hata ile ya uwazi na uwajibikaji,
ndefu kuliko zote, isiyo na picha hata moja.

Sikusoma mbali, ila kugawanya najua:
gunia la kilo themanini, hapa linaacha kilo tisa na ushee.
Mara magunia manne. Mara kaya mia tatu na arobaini.
Mara misimu mingapi?
Na hapo makato hayajaanza: ushuru, mfuko, usafiri, kamba.
Tulikuwa tunawacheka waliouza kangomba, wakapimiwa kwa bakuli.
Kumbe bakuli letu lina umeme.

Mkutanoni mwenyekiti alisema hoja yangu
itaingia kwenye Mengineyo.
Mengineyo yakafika saa kumi na mbili, watoto wakililia uji.
Nikasimama na kitabu mkononi.
"Kisome basi," wakasema wa nyuma, "kimeandika nini?"
"Sijakisoma," nikasema. "Nimekipima."

Mikono ikahesabiwa:
sitini na mmoja, mizani ikaguliwe;
kumi na wanne, hapana;
waliobaki wakatazama vidole vya miguu yao,
mume wangu mmoja wao.

Mizani ilipelekwa Mtwara, imerudi na stika mpya.
Sisemi imepona.
Kila siku ya kupima naja na kitabu kapuni,
na Mkwachu akikiona, chai inampita njia isiyo yake.

Usiku, kwa taa ya sola, nimeanza kukisoma kweli.
Ukurasa wa arobaini unasema soko hujirekebisha lenyewe.
Nimeandika pembeni kwa penseli: Lini?
Hilari aliwahi kuniambia watunga mashairi nao wana mizani,
wanahesabu silabi, haipotei hata moja.
Ningependa kumwona karani wao.

Sijafika mbali. Maneno mengine nayakwepa
kama mashimo ya barabara ya Kitangari.
Ila jana, ukurasa wa mia na tatu, kwenye bei ya mkulima,
nimekuta mwandiko wa kaka yangu,
wino wa bluu, umelala upande:
"Hapa hawajui. Muulize Blandina."